Toka Gome la Mti hata Kidonge

Nani kati yetu hajapata kumeza kidonge cha aspirini kichwa kilipomwuma? Tumeizoea dawa hiyo hata wengine wanaidharau, na wengine wanaitumainia kupita kiasi. Mtu akishikwa na maumivu makali yasiyotulia, ndugu zake humpa vidonge viwili, kisha vinne, kisha sita, na uchungu haukomi. Basi tuangalie historia ya dawa hizi, tupate kujua nguvu yake ni ipi na inaishia wapi.

Mwerebi ni mti uotao kando ya mito. Watu wa kale wa Misri na Ugriki waliutumia kwa kutibu maumivu. Mwaka 1763 mchungaji mmoja Mwanglikana wa Uingereza, Edward Stone, aliandikia Royal Society, chama cha wataalamu huko London. Alikuwa ameonja gome la mwerebi, akaliona chungu kama gome la mti wa kinini. Akalikausha zaidi ya miezi mitatu kwenye tanuru ya mwoka mikate, akalisaga, akawapa watu wapata 50 wenye homa za vipindi. Wengi walipata nafuu. Leo twajua kwamba gome lile lilipoza homa tu. Halikuua wadudu wa malaria kama kinini inavyofanya. Hilo ndilo fundisho la kwanza: kutuliza si kuponya.

Mwaka 1828 Johann Buchner wa München, Ujerumani, alitoa katika gome lile kitu chenyewe kilicho kichungu, kikaitwa salisini. Mganga Thomas MacLagan wa Dundee, Uskoti, alikijaribu kwanza mwilini mwake mwenyewe, kisha akawapa wagonjwa wa homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huo huvimbisha viungo, vikawa vya moto, hata mgonjwa asivumilie kuguswa na shuka. Mwaka 1876 MacLagan alitangaza kwamba homa na uchungu viliondoka upesi. Ndipo ilipoonekana kwamba dawa hizi zaweza kushinda hata maumivu makali sana, kama yametoka katika uvimbe wenye moto.

Lakini dawa za jamii hiyo ziliunguza tumbo. Kwa hiyo wataalamu wa kiwanda cha Bayer, Ujerumani, walitafuta iliyo pole zaidi. Mwaka 1897 Felix Hoffmann aliitengeneza, na mwaka 1899 ikapewa jina la Aspirin. Mwenzake, Arthur Eichengrün, aliandika mwaka 1949 kwamba yeye ndiye aliyeiongoza kazi ile, na mpaka leo wanahistoria wanabishana. Ndugu zake aspirini wakafuata: ibuprofeni ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, na diklofenaki ikaja baadaye.

Zaidi ya miaka 70 watu walimeza aspirini pasipo kujua inavyofanya kazi. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alivumbua siri yake, na mwaka 1982 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili. Mahali palipoumia, mwili hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, navyo huongeza uvimbe na kuamsha uchungu. Dawa hizi huzuia visitengenezwe. Lakini vitu hivyo hivyo hulinda ngozi ya ndani ya tumbo, na husaidia damu kufika katika figo. Ndiyo sababu dawa inayotuliza goti yaweza kutoboa tumbo. Mwaka 2004 dawa mpya ya jamii hii, rofekoksibu, iliyotumainiwa kuhurumia tumbo, iliondolewa madukani kwa kuwa ilizidisha hatari ya ugonjwa wa moyo.

Sasa tufike kwa maumivu yale mabaya kabisa, kama ya kansa. Mwaka 1986 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mafundisho yake kwa mfano wa ngazi ya vipandio vitatu: chini aspirini na ndugu zake, katikati dawa kama kodeini, juu mofini. Wengi walidhani kwamba mtu akipanda juu, dawa ya chini hutupwa. Sivyo. Kansa ikiingia mifupani, kidonge cha kupunguza uvimbe chaweza kumsaidia mgonjwa kando ya mofini, kila kimoja kikifanya kazi yake. Mafundisho mapya ya mwaka 2018 yanasema ngazi hiyo ni kielelezo tu: mwenye maumivu makali asilazimishwe kuanzia chini.

Husemwa haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba kikijaa, kinachoongezwa humwagika. Ndivyo zilivyo dawa hizi. Zikifika kipimo chake, kuzidisha hakuongezi nafuu, huongeza madhara tu. Kuchanganya ibuprofeni na diklofenaki ni vivyo hivyo. Hapo si vidonge zaidi vinavyotakiwa, bali mganga na dawa ya namna nyingine. Kwa majirani zetu wa Uganda, mganga Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha mwaka 1993 kazi ya Hospice Africa. Unga wa mofini ulichanganywa na maji, na wagonjwa wakanywa kwao nyumbani, pasipo sindano.

Basi tusiidharau dawa ndogo, wala tusiitwike mzigo usio wake. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, na mama mwenye mimba, wasiinywe pasipo shauri la mganga. Mgonjwa akitapika damu, au choo chake kikiwa cheusi kama lami, dawa ikomeshwe na apelekwe hospitali siku ile ile. Na anayelia usiku kucha, ingawa amekwisha kumeza kipimo chake, asiambiwe avumilie. Tumtafutie msaada, kwa maana upo.