Byron, safari na ushairi wake

George Gordon Byron (22 Januari 1788 – 19 Aprili 1824), maarufu kama Lord Byron, alikuwa mshairi wa Uingereza na mmoja wa vinara wa ulimbwende, mkondo wa fasihi uliozipa hisia na nafsi ya mtunzi uzito kuliko kanuni za kurithi. Alizaliwa London, akalelewa na mama yake mjini Aberdeen, na akiwa na umri wa miaka 10 akarithi cheo cha ulodi. Katika miaka 15 ya mwisho ya uhai wake, kama 10 hivi aliishi nje ya nchi yake, na karibu kila kazi yake kubwa ilitoka katika miaka hiyo. Mandhari ndiyo sehemu ndogo ya alichokichuma safarini. Kikubwa zaidi ni hadithi, sauti na, mwishoni, bahari ya ushairi ambayo wasomaji wa Kiingereza walikuwa hawajaizoea.

Ilikuwa desturi ya vijana wa makabaila wa Uingereza kuhitimisha masomo kwa kuzuru Ufaransa na Italia. Mwaka 1809 vita vya Napoleon vilikuwa vimeifunga njia hiyo. Tarehe 2 Julai Byron alisafiri kutoka bandari ya Falmouth pamoja na rafiki yake John Cam Hobhouse. Wakapitia Lisbon, Seville, Cádiz, Gibraltar na Malta, kisha wakaingia milki ya Waosmani. Nyuma yake aliacha Hours of Idleness (1807), diwani iliyoshambuliwa vikali katika jarida la Edinburgh Review, na tashtiti aliyoitunga kuwajibu wahakiki. Mashairi hayo ya ujana ni ya kijana aliyesoma mengi. Bado si ya mtu aliyeona.

Albania ndiko alikoanza kuona. Oktoba 1809 alipanda milima kwenda Tepelena kumzuru Ali Pasha, mtawala aliyeogopwa kote katika eneo hilo. Njiani, karibu na Zitsa, alipotea usiku kwa saa kadhaa katika mvua ya radi, na papo hapo safarini akaitungia shairi. Alipofika, alikuta ua umejaa farasi waliotandikwa, askari wa Kialbania katika sketi nyeupe za marinda, ngoma zikilia na adhana ikisikika kutoka mnarani. Ali alimpokea kwa kusimama, akamwambia kwamba udogo wa masikio yake na weupe wa mikono yake vilionyesha ukoo bora, na akawa anampelekea lozi na sharubati kama mtoto. Yote hayo Byron alimwandikia mama yake katika barua ndefu ya tarehe 12 Novemba, mojawapo ya barua nzuri kabisa katika Kiingereza. Alijua pia kwamba mwenyeji huyo mpole alikuwa muuaji asiye na huruma. Ni vigumu kutomwona Ali nyuma ya wahusika waliokuja kumpa Byron sifa: watu wa heshima na adabu wanaobeba dhambi nzito kimya kimya.

Tarehe 31 Oktoba, mjini Ioannina, alianza kutunga Childe Harold's Pilgrimage, shairi la msafiri aliyechoshwa na anasa za kwao. Alimaliza sehemu ya pili Smyrna, Machi 1810. Kwenye maelezo ya nyongeza aliweka habari za Waalbania, nyimbo zao kwa lugha yao, na taarifa za Kigiriki cha wakati wake. Shairi hilo lilipochapishwa Machi 1812, nakala 500 za kwanza ziliisha kwa siku tatu.

Mguu wake wa kulia ulikuwa na kilema tangu kuzaliwa, na majini hakuchechemea. Tarehe 3 Mei 1810, baada ya jaribio moja kushindikana, aliuvuka kwa kuogelea mlangobahari wa Dardanelli pamoja na Luteni Ekenhead, akitumia saa moja na dakika 10, akimfuata Leander wa hadithi za kale za Kigiriki. Aliendelea kujivunia jambo hilo maisha yake yote. Kwenye pwani hiyo akaja kuiweka hadithi ya The Bride of Abydos (1813). The Giaour, ya mwaka huohuo, ina jina la Kituruki lenye maana ya kafiri, na inamhusu mwanamke aliyetoswa baharini. Nyuma yake kuna tukio la Athens: kwa mujibu wa barua ya Lord Sligo, aliyezisikia habari hizo mjini humo, Byron alikutana na watu waliokuwa wakimpeleka msichana kuzamishwa akiwa ameshonewa ndani ya gunia, akawatishia kwa bastola na kumwokoa. The Corsair (1814) iliuzwa nakala 10,000 siku ya kwanza. Hadithi hizi zilichangia sana kuwajengea Wazungu picha ya Mashariki ya majambia na visasi. Byron alizitia maelezo ya mtu aliyefika. Waigaji wake walichukua majambia na kuyaacha maelezo.

Aprili 1816, ndoa yake ikiwa imevunjika kwa kashfa, aliondoka Uingereza na hakurudi tena akiwa hai. Alikaa karibu na Geneva pamoja na waandishi Percy na Mary Shelley katika kiangazi cha baridi na giza, matokeo ya mlipuko wa volkano ya Tambora, Indonesia, mwaka 1815. Huko alitunga Darkness na The Prisoner of Chillon, na milima ya Alpi ikampa tamthilia ya Manfred (1817).

Italia ilimpa kitu cha thamani zaidi. Venice alijifunza Kiarmenia kwa watawa wa kisiwa cha San Lazzaro, lakini faida kubwa ilitoka kwa washairi wa kale wa Italia kama Pulci na Berni, na kwa Mwingereza John Hookham Frere, aliyekuwa ametangulia kuwaiga. Ubeti wao una mishororo 8: sita ya kwanza hupishana kwa vina viwili, na miwili ya mwisho huwa na kina chake. Msomaji wa utenzi anajua kazi ya mshororo wa mwisho unaofunga ubeti kwa kina kilekile hadi tamati. Byron alifanya kinyume: alijenga kwa mishororo sita, kisha kwa miwili akabomoa, akacheka, akatubu au akabadilisha mada. Beppo (1818) na Don Juan (kuanzia 1819) zinazungumza kama msafiri mezani, na ndani yake Uingereza inatazamwa kwa jicho la mgeni. Hii ndiyo sauti yake halisi, nayo aliipata ugenini.

Julai 1823 alisafiri kutoka Genoa kwenda kuwasaidia Wagiriki katika vita vyao vya uhuru, akatoa pauni 4,000 kuandaa manowari zao. Januari 1824 alifika Missolonghi, mji aliopita mara ya kwanza Novemba 1809, na huko akafa kwa homa akiwa na miaka 36. Beti 14 alizokuwa ameanza za sehemu ya 17 ya Don Juan alikuwa amekwenda nazo. Zilichapishwa mwaka 1903.