Argwings-Kodhek na Ofisi Aliyoikataa

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mawakili wote wa Kenya walikuwa Wazungu na Waasia. Serikali ya kikoloni ilihitaji walimu na makarani Waafrika, lakini haikuwa na haja ya Mwafrika atakayesimama mahakamani kuihoji. Ndiyo maana Chiedo More Gem Argwings-Kodhek, aliyezaliwa Gem, katika Siaya ya leo, mwaka 1923, alianzia kwenye ualimu baada ya kusoma Makerere.

Mwaka 1947 alikwenda Wales kwa ufadhili wa kusomea sayansi ya jamii. Akiwa huko aligeukia sheria, na mwaka 1952 alirejea Nairobi akiwa wakili wa kwanza Mwafrika wa Kenya. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilimpa kazi, ila kwa theluthi moja ya mshahara wa Mzungu mwenye sifa kama zake. Akaikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Wapo wanaosema kilichomsukuma ni kudhulumiwa mshahara, na wapo wanaosema ni siasa. Sababu ya kwanza inatosha kueleza kwa nini aliikataa kazi ya serikali, lakini haielezi kwa nini alizichukua kesi alizozichukua. Wakili mwenye kutafuta fedha tu angeshughulikia mikataba ya wafanyabiashara, akalala salama.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari ili kuzima vuguvugu la Mau Mau. Baadaye kanuni zilikazwa: kulisha watu kiapo kukawa kosa la kunyongwa, na kupatikana na bunduki au risasi vivyo hivyo. Mwaka 1953 zikaundwa mahakama maalumu za kuharakisha kesi hizo. Mkulima aliyekutwa na risasi moja mfukoni aliweza kuhukumiwa kifo hata kama hakuwahi kumpiga mtu. Kinga yake ilikuwa maswali ya wakili: nani alimpekua, nani alishuhudia, na je, maungamo yake yalitolewa kwa hiari au kwa kipigo? Waliohukumiwa na kunyongwa kwa makosa ya Mau Mau walizidi 1,000.

Argwings-Kodhek aliwatetea washukiwa hao, na walowezi wakambandika jina la wakili wa Mau Mau. Hapa ndipo uzito wa uamuzi wake unapoonekana. Kama angeikubali ile kazi ya mwanzo, angekuwa upande wa ofisi iliyoendesha mashtaka yenyewe.

Kutoka mahakamani aliingia katika siasa. Katika uchaguzi wa 1957 alishindwa na Tom Mboya jijini Nairobi, lakini baada ya uhuru alipanda hadi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alifariki Januari 1969 kwa ajali ya barabarani akiwa bado katika wadhifa huo.