Chawa na utitiri: linda manyoya ya kuku wako

Unafuga kuku Kampala? Kuku aliyenyonyoka manyoya hushusha bei sokoni. Kila wiki, funua manyoya chini ya mkia na mabawa. Chawa hukaa mwilini na kutaga mayai kwenye mashina ya manyoya. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za banda, hunyonya damu usiku. Mmulike kwa tochi.

Weka beseni la mchanga mkavu na majivu yaliyopoa, kuku wajigaragaze. Safisha banda, ziba nyufa. Ukitumia dawa ya kuku, rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwani dawa nyingi haziui mayai ya wadudu. Usitumie dawa ya mimea: sumu yake inaweza kuingia kwenye mayai mnayokula. Kwanza muulize daktari wa mifugo.