Joto, Unyevu na Mialoni ya Petersham
Msitu wa Harvard ulioko Petersham, Massachusetts, nchini Marekani, ulianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya utafiti, kwenye mashamba yaliyohamwa na wakulima katika karne ya 19, na baadaye mialoni myekundu ikashamiri humo. Mwaka 1991 mtafiti Jerry Melillo na wenzake walifukia humo nyaya za umeme ili kuupasha udongo nyuzi 5 za Selsiasi zaidi ya kawaida. Upumuaji wa udongo, yaani utoaji wa kaboni dayoksaidi kutoka kwenye mizizi na vijidudu vinavyoozesha majani, uliongezeka, ukatulia baada ya takriban muongo mmoja, kisha ukapanda tena, jambo ambalo utafiti wa muda mfupi usingelibaini kamwe. Hata hivyo, joto halitendi peke yake, kwani udongo ukikauka vijidudu hupooza, na ukijaa maji hukosa oksijeni.