Blaenau Gwent (jimbo la uchaguzi)

Blaenau Gwent lilikuwa jimbo la uchaguzi la Bunge la Ufalme wa Muungano katika kusini-mashariki ya Welisi. Lilianzishwa mwaka 1983 mahali pa jimbo la Ebbw Vale, likafutwa mwaka 2024. Lilikuwa na mbunge mmoja: mgombea aliyepata kura nyingi kuliko wengine alishinda, hata asipofikisha nusu ya kura.

Historia

Watu wa mabonde haya waliishi kwa makaa ya mawe na chuma, na kwa vizazi walikipigia kura chama cha Labour. Aneurin Bevan, waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, alikuwa mbunge wa Ebbw Vale tangu 1929 hadi kifo chake mwaka 1960. Nafasi yake ilichukuliwa na Michael Foot, aliyeendelea kuwa mbunge wa Blaenau Gwent hadi 1992. Alifuatwa na Llew Smith. Mwaka 2001 Smith alimshinda mpinzani wake wa karibu kwa kura 19,313. Kwa hesabu hiyo hakuna aliyetazamia yaliyofuata.

Uchaguzi wa 2005 na 2006

Smith alipostaafu, makao makuu ya Labour yaliagiza kwamba mgombea mpya ateuliwe kutoka orodha ya wanawake pekee, akapatikana Maggie Jones. Peter Law, mwanachama wa miaka mingi aliyewakilisha eneo hilo katika Bunge la Welisi, alipinga agizo hilo akagombea kama mgombea binafsi, ingawa alikuwa ametoka kupasuliwa uvimbe wa ubongo. Alipata kura 20,505, Jones 11,384. Wengi wa wapiga kura hawa hawakuwa wameacha siasa za Labour. Walikataa kuchaguliwa mtu kutoka London.

Law alifariki Aprili 2006 akiwa mbunge katika mabunge yote mawili, hivyo tarehe 29 Juni zilifanyika chaguzi ndogo mbili kwa siku moja. Labour ilishindwa zote. Dai Davies, aliyekuwa wakala wa Law, alipata kura 12,543 dhidi ya 10,059 za Owen Smith, na mjane Trish Law alichukua kiti cha Bunge la Welisi.

Baadaye

Mwaka 2010 Nick Smith aliirudishia Labour jimbo kwa kura 16,974 dhidi ya 6,458 za Davies. Tangu 2024 eneo hili limo katika jimbo la Blaenau Gwent na Rhymney, ambalo mbunge wake wa kwanza ni Smith huyohuyo.