Akiba ya Uzeeni: Mkupuo na Pensheni

Juma lililopita tulizungumza juu ya mshahara wa mtu aliye kazini. Leo tutasimulia habari za fedha za mtu aliyekwisha kuacha kazi kwa uzee, na hasa jinsi mpango wa Tanzania ulivyogeuka tangu mwaka 1964. Walio katika vikundi wawe na penseli na karatasi, maana iko hesabu ndogo huko mbele.

Zamani za utawala wa Waingereza, mtu aliyekwenda kukata mkonge Tanga alifanya kazi kwa kipande. Kipande kimoja kilikuwa siku 30 za kazi. Zikitimia alilipwa, na mkataba ukiisha alirudi kwao. Habari za uzee wake hazikuwa shauri la mwenye shamba. Ilidhaniwa kwamba kijijini lipo shamba la baba yake, wapo na watoto wa kumlisha. Pensheni ilikuwa ya maofisa wachache wa Serikali. Na huko Uingereza kwenyewe, wazee maskini wa miaka 70 walikuwa wakipewa shilingi 5 kwa juma tangu mwaka 1909! Basi jambo lenyewe walilijua sana.

Baada ya Uhuru, mijini walikuwamo watu wengi wasiokuwa na shamba la kurudia. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1964 ya mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi. Mpango wa namna hii ulikuwa umekwisha kuanzishwa Malaya mwaka 1951 na India mwaka 1952. Kenya ikaweka wake mwaka 1965. Kila mwezi mfanyakazi alikatwa fungu la mshahara, mwajiri akaongeza fungu lake, na yote yakaandikwa kwa jina la mfanyakazi pamoja na faida. Siku ya kustaafu alikabidhiwa zote kwa mara moja. Hayo ndiyo malipo ya mkupuo.

Watu waliyapenda, na hawakuwa wajinga. Mwenye mkupuo aliweza kujenga nyumba ya vyumba sita, akakaa viwili na kupangisha vinne, na kodi ikamlisha kila mwezi. Lakini fedha za mkupuo zina wageni wengi: mjomba ana shida, mtoto ataka kuoa, rafiki ana biashara isiyoweza kushindwa. Zikiisha, hakuna nyingine.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, hakubisha hodi. Mwaka 1966, shilingi ya Tanzania ilipoanza, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Mwaka 1997 ilipita shilingi 600. Katikati yake kulikuwa na mafuta kupanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Katika miaka ya 1980 bei zilipanda kwa kiasi cha 30 kwa mia kila mwaka.

Haya, chukueni penseli. Kitu cha shilingi 100 leo, bei ikipanda 30 kwa mia, mwakani ni shilingi 130. Mwaka unaofuata ni 169. Mwaka wa tatu ni karibu 220. Sasa tuseme akiba yako ya shilingi 100 hupata faida ya 10 kwa mia. Baada ya miaka mitatu ni shilingi 133. Kitabu chako chaonyesha umezidi, na huwezi kukinunua kile kitu. Fikirini aliyeanza kuweka akiba mwaka 1965 akalipwa mwaka 1990.

Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 1997 iliugeuza mfuko ule kuwa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Aliyechangia miezi 180, maana yake miaka 15, akifikia umri wa kustaafu hulipwa pensheni kila mwezi mpaka afe. Kiasi chake hupimwa kwa mishahara ya miaka yake ya mwisho kazini, wala si kwa shilingi alizoweka alipokuwa kijana. Hapo ndipo dawa ilipo.

Hata hivyo mapenzi ya mkupuo hayakufa. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa, na kanuni mpya zikasema mkupuo uwe 25 kwa mia tu ya mafao. Baadhi yao walikuwa wamezoea nusu nzima. Wafanyakazi walilalamika sana, na Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akaamuru vikokotoo vya zamani virudi. Mwaka 2022 ikawekwa 33 kwa mia. Kila upande ulikuwa na hoja: mmoja uliogopa mzee kubaki mikono mitupu, na mwingine ulijua kwamba bati na saruji haziozi upesi kama noti.

Swali la kuzungumza katika vikundi: mvuvi au mkulima asiye na mwajiri wa kumwongezea fungu, aweke akiba yake ya uzeeni katika fedha, ng'ombe, au nyumba ya kupangisha? Andikeni na sababu. Juma lijalo tutaanzia hapo. Kwaherini.