Nyumba za Wachungaji wa Karagwe

Wako watu wanaodhani ya kuwa asiye na nyumba ya kudumu hana maarifa ya kujenga. Leo twataka kuipima fikira hiyo katika nchi ya kale ya Karagwe, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa.

Zamani Wanyambo wa nchi hiyo walilima, na Wahima walichunga ng'ombe wenye pembe ndefu. Mkulima haachi migomba yake, basi alijenga msonge imara. Mchungaji alifuata majani na maji. Malisho yakiisha, alihama. Kibanda chake kilikuwa chepesi: fito zilichomekwa kwa duara, zikapindwa na kufungwa juu, kisha zikaezekwa majani. Boma la miiba lilizunguka zizi kwa ajili ya simba. Siku ya kuhama kibanda kiliachwa. Vilivyochukuliwa ni vyombo vya maziwa vya mti, vibuyu vya kusukia maziwa, ngozi za kulalia na mikuki.

Kwa nini nyumba yenyewe haikuchukuliwa? Na tuwatazame wachungaji wengine. Wamongolia hukaa penye baridi kali na miti haba. Hupiga manyoya ya kondoo, huyalowesha na kuyaviringisha mpaka yashikane, yawe kitambaa kizito kisichofumwa. Hukitandika juu ya kiunzi cha miti kinachokunjika, na wakihama hupakia vyote juu ya ngamia au gari. Warendile wa kaskazini ya Kenya nao, katika nchi yao kame, hupakia fito na mikeka ya nyumba zao juu ya ngamia. Lakini katika Karagwe fito na majani vilipatikana kila upande; kuvibeba kungalikuwa taabu bure. Kila taifa lilibeba kile ambacho lisingekipata mbele ya safari.

Wala uchungaji haukudharauliwa barazani. Speke na Grant, waliofika Novemba 1861, walipokewa kwa wema na Mfalme Rumanika. Stanley alipomzuru mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina. Ndani yake, pamoja na silaha, zilikuwamo sanamu za ng'ombe za shaba. Hivyo hata nyumba isiyohama ilitunza heshima ya mnyama ahamaye.

Miaka ya 1890 ilipoanza, sotoka iliingia ikaua ng'ombe wengi mno. Mtu asiye na mifugo hana la kufuata, na kibanda cha safari kikakosa kazi yake.

Kuta za mawe huacha magofu. Kibanda cha fito huoza kikawa udongo. Kwa hiyo tusiseme ya kuwa mahali pasipo na magofu hapakuwa na mjenzi. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee namna fito zilivyofungwa, mkayaandike majibu, kwani habari hiyo haikuandikwa juu ya jiwe lolote.